Ukikwama, Geuza Turubai Liangalie Ukuta

Mchoraji akiniambia amekwama, mimi humuuliza anachorea nini. Mara nyingi ni turubai jeupe lililonunuliwa kwa pesa ya kodi ya nyumba. Sasa nani atathubutu kuharibu kitu cha bei hiyo? Mambo ya kusubiri msukumo tuwaachie wenye mshahara. Wewe tafuta mfuko wa saruji.

Hapa Kisumu mjengo hauishi. Ukizunguka Nyalenda au Manyatta hukosi fundi wa kukupa mfuko mtupu. Chukua ule wa karatasi, si wa plastiki. Ukung'ute nje, umejifunga kitambaa puani, maana vumbi lile ni baya kwa mapafu. Tabaka lililogusa saruji litupe. Linalobaki ni karatasi ngumu ya kaki, na hakuna anayeogopa kaki.

Mkaa wa kuchorea jitengenezee. Kata vijiti vikavu vyenye unene wa penseli, vimenye maganda, uvipange vimebanana ndani ya mkebe safi wenye mfuniko. Usitumie mkebe wa rangi. Mabaki yake yakiungua hutoa moshi wa sumu. Toboa mfuniko tundu moja la msumari, kisha weka mkebe juu ya jiko nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni, mwanzo mzito, halafu mwembamba. Ukikatika, epua. Na hapa wengi hukosa subira: wakifungua mkebe ungali moto, hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu. Acha upoe kabisa. Mkaa ulioiva huteleza kwenye karatasi bila kukwaruza.

Nenda nao Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika. Chagua tuktuk inayosubiri abiria, umchore dereva; ikiondoka, mchoro umeisha, hata kama hana pua. Usianze na uso. Anza na nafasi tupu, kwa mfano ile pembetatu kati ya kiwiko na mbavu za mama aliyejishika kiuno. Umbo hilo hujalikariri popote, kwa hiyo inabidi ulitazame. Uso unadhani unaujua, ndiyo maana huchora ule ule kila siku.

Dunga, ufuoni kwa wavuvi, nenda asubuhi. Adhuhuri jua liko utosini na vivuli vimejificha chini ya watu. Jioni nayo ni fupi, tuko karibu kabisa na ikweta. Ukitaka kuchora mama anayepara ngege, yaani tilapia, salimia kwanza kwa Kijaluo, "Oyawore, mama," kisha omba ruhusa. Akikataa, chora mitungo ya samaki, mizani, beseni. Beseni halilalamiki.

Mwandishi aliyekwama naye aende huko huko na kipande cha karatasi. Aandike tu maneno ya watu wanaopatana bei, yalivyotamkwa, bila kueleza nani alihisi nini.

Ukirudi, tandaza makaratasi sakafuni. Usichague lililo zuri. Chagua lile unalotaka kuliongezea kitu. Sasa geuza lile turubai likutazame. Zimua rangi ya akriliki ya hudhurungi kwa maji hadi iwe kama chai ya rangi, uipake kote kwa kitambaa ili weupe upotee. Ikikauka, chora kwa mkaa, kisha uupanguse kidogo kwa kitambaa kikavu usije ukachafua rangi. Anza na vivuli, kwa brashi pana kuliko unayoipenda.