Kusimamia kengele za CloudWatch kwa mstari wa amri

Anayetunza seva kwenye AWS, wingu la kampuni ya Amazon, hutegemea kengele za CloudWatch, huduma yake ya ufuatiliaji, zimwarifu mambo yanapoharibika. Kengele hizo zaweza kutengenezwa kwenye kivinjari, lakini mwenye seva nyingi atafanya vyema kutumia AWS CLI, programu ya kuiamuru AWS kwa maandishi, kwa sababu amri huhifadhiwa kwenye faili, wenzake wakaisoma na kuirudia vilevile. Ninachukulia kwamba msomaji amekwisha kusakinisha programu hiyo na kuchagua kanda yake, yaani eneo la vituo vya data vya AWS, kwa mfano af-south-1 ya Cape Town; amri hutazama kanda moja tu, na kengele iliyo katika kanda nyingine haitaonekana.

Anza kwa kuangalia zinazolia sasa:

aws cloudwatch describe-alarms --state-value ALARM

Hali nyingine mbili ni OK na INSUFFICIENT_DATA, yaani data haitoshi kuamua. Kutengeneza kengele ni hivi:

aws cloudwatch put-metric-alarm --alarm-name prosesa-malipo --namespace AWS/EC2 --metric-name CPUUtilization --dimensions Name=InstanceId,Value=KITAMBULISHO --statistic Average --period 300 --evaluation-periods 2 --threshold 80 --comparison-operator GreaterThanThreshold --alarm-actions ARN_YA_SNS

Maana yake ni kwamba wastani wa matumizi ya prosesa ukizidi asilimia 80 katika vipindi 2 mfululizo vya sekunde 300, ujumbe utumwe kupitia SNS, huduma ya AWS ya kusambaza arifa. Mahali pa KITAMBULISHO weka kitambulisho cha seva yako, na mahali pa ARN_YA_SNS weka ARN, yaani jina kamili la mada yako ya SNS. Kipindi hicho kinafuata desturi ya EC2, huduma ya seva ya AWS, ambayo hutoa vipimo kila dakika 5 isipokuwa umewasha ufuatiliaji wa kina wa kila dakika 1, ambao hulipiwa.

Hapa pana jambo linalowanasa wengi. Amri hiyohiyo ndiyo inayotumika kurekebisha kengele, nayo haibadilishi kipengele kimoja bali huiandika kengele upya nzima. Ukitaka kupandisha kizingiti hadi 90 ukasahau kurudia --alarm-actions, utabaki na kengele inayobadilika hali bila kumwarifu mtu yeyote. Ndiyo maana nasisitiza amri kamili ikae kwenye faili.

Fikiri pia kuhusu data inayokosekana. Seva iliyozimika haitumi vipimo, na kwa mpangilio wa kawaida kengele yake huishia kwenye INSUFFICIENT_DATA, hali isiyotuma ujumbe mpaka uielekeze kwa --insufficient-data-actions. Kwa seva inayopaswa kuwa hewani usiku na mchana, mimi huongeza --treat-missing-data breaching, ili ukimya wenyewe uhesabiwe kuwa hitilafu. Kwa seva inayozimwa kila jioni kwa makusudi, notBreaching ndiyo inayofaa.

Kisha ijaribu:

aws cloudwatch set-alarm-state --alarm-name prosesa-malipo --state-value ALARM --state-reason "Majaribio"

Kengele itarejea katika hali yake halisi itakapopimwa tena, lakini ujumbe unapaswa kuwa umekufikia. Usiiruke hatua hii. Niliwahi kukuta kengele iliyoandikwa bila dosari, ila mwenye anwani ya barua pepe hakuwa amebofya kiungo cha kuithibitisha kwenye SNS, na kwa muda wote huo hakupata taarifa hata moja.

Wakati wa matengenezo, nyamazisha kwa disable-alarm-actions na urejeshe kwa enable-alarm-actions, kila moja ikifuatwa na --alarm-names na jina la kengele. Zilizosahaulika zikiwa kimya hupatikana hivi:

aws cloudwatch describe-alarms --query 'MetricAlarms[?ActionsEnabled==`false`].AlarmName'

Ujumbe hutumwa pale hali inapobadilika, kwa hiyo kengele iliyoingia ALARM ikiwa imenyamazishwa isitarajiwe kukuarifu baada ya kurejeshwa. Rudia ile amri ya kwanza ujionee mwenyewe. Seva ikiondolewa kabisa, kengele yake hubaki na huendelea kutozwa, basi ifute kwa delete-alarms, ukihakiki jina kwanza, kwa kuwa amri hiyo haiombi uthibitisho.