Kabla figo hazijafeli: mambo ya kuzingatia ungali unatembea

Mgongo ukiuma, wengi wetu husema "hizi ni figo". Mara nyingi si figo. Ni godoro, ni ndoo za maji, ni bodaboda ya kutwa nzima. Figo zinazokufa polepole kwa kawaida haziumi. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kuchuja damu na bado akaenda shambani, akarudi, akala.

Anza na mkojo, maana kuutazama ni bure. Povu la kawaida hupasuka likaisha. Linalobaki juu kama la sabuni, siku baada ya siku, huenda ni protini inayovuja. Kuamka mara tatu nne usiku wakati zamani ulilala hadi alfajiri, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, au mkojo kupungua ilhali maji unakunywa yaleyale: andika, na tarehe yake. Tuna tabia ya kusema "ni yutiai tu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kununua vidonge duka la dawa. Yutiai ipo, ila ipimwe.

Asubuhi tazama kwenye kioo kama kope zimevimba, jioni vua soksi. Bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, hesabu hadi kumi. Shimo likibaki, kuna maji. Moyo na ini navyo huvimbisha miguu, kwa hiyo kazi yako ni kuona na kusema, si kujitibu. Dalili zinazokuja nyuma kabisa ni kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, kuwashwa bila upele, na uchovu usioisha. Uchovu huo huwapoteza wengi: mtu anaambiwa damu imepungua, anapewa vidonge vya kuongeza damu, kumbe figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze damu.

Mwenye kisukari au presha asingoje dalili hata moja. Angalau mara moja kwa mwaka apime kreatinini kwenye damu, taka ya misuli ambayo figo huichuja, na protini kwenye mkojo. Ukiambiwa "figo ziko sawa", omba namba. Kreatinini ileile kwa kijana wa gym na kwa bibi mwembamba wa miaka 70 haina maana moja. Ndiyo maana daktari huingiza umri na jinsia kupata kiwango cha uchujaji. Kikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimefeli. Mjomba wangu alikuwa na majibu ya miaka mitatu ndani ya rambo, kila karatasi imeandikwa iko sawa. Daktari mmoja mvumilivu alizipanga mezani kwa tarehe, na namba zikaonekana zinapanda ngazi.

Siku ya kliniki beba dawa zote, pamoja na zile za kupunguza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zikitumiwa mfululizo huumiza figo. Beba na mitishamba, hata kama unaona aibu. Kuna hata mbirimbi zetu za achari: huko Kerala, India, watu waliokunywa juisi yake iliyokolea walilazwa kwa figo kufeli ghafla. Achari mezani ni kitu kingine.

Aliyekwisha kuambiwa figo zinadhoofika ana maandalizi yake. Mkono asioutumia sana usitundikiwe dripu wala kutolewa damu ovyo, kwani huko ndiko mshipa wa mashine ya kusafisha damu utakakoandaliwa, nao huhitaji wiki kadhaa hadi miezi kukomaa. Achanjwe homa ya ini B mapema. Madafu, ndizi na parachichi zina potasiamu nyingi, lakini asizikate kwa kusikia; vipimo vyake ndivyo vitakavyoamua. Na familia ikae kikao kabla ya dharura: kusafisha damu huchukua muda wa kama saa nne kila mara, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Ulizeni bima inalipa nini. Upandikizaji wa figo nao hufanyika nchini Tanzania, katika hospitali ya Muhimbili tangu 2017 na ya Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, lakini unahitaji ndugu aliye tayari kutoa figo moja.

Kuna kufeli kwingine kusikosubiri miaka. Baada ya kuhara sana, malaria kali, kuumwa na nyoka au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Mgonjwa asipokojoa nusu siku nzima, akishindwa kupumua akilala chali, au akianza kuongea asiyoyajua, mpelekeni hospitali usiku huohuo.