Kuloweka chambo cha kapi ili waje haraka

Kapi, yaani yule samaki anaitwa carp kwa Kiingereza, haoni chambo kwanza, anakinusa na kukionja, ana ndevu 4 pembeni mwa mdomo na anapapasa nazo matopeni, kwahiyo harufu yako ikifika vizuri ushashinda nusu ya kazi.

Chukua mahindi yalopikwa yakalainika au vidonge vya chakula cha samaki, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, alafu mimina molasi au yale maji yalochemshia mahindi, hayo usimwage kabisa jamani, yakikaa siku mbili tatu yanachachuka na kuwa mazito mazito yanateleza kwenye vidole, hayo ndo dawa yenyewe. Tingisha, acha usiku kucha, asubuhi tingisha tena mpaka chambo kimenyonya chote.

Zile rangi na manukato ya chupa ndogo ni makali sana, mililita 3 mpaka 5 kwa nusu kilo ya unga wa chambo zinatosha, ukizidisha inakuwa chungu na samaki anatema, mi nimeona watu wengi wanaharibu hapo tu.

Kitu kingine mafuta. Maji yakiwa na joto mafuta ya samaki yako poa, ila maji ya baridi mafuta yanaganda ganda na harufu haisambai, kipindi hicho tumia vitu vinavyoyeyuka kwenye maji kama molasi au asali iliyozimuliwa. Chambo cha kwenye ndoano kichovye tena kabla tu ya kurusha.