Mtoto Anapolegea Miguu Ghafla: Namna ya Kuutambua na Kuukabili Ugonjwa wa Guillain-Barré

Tuchukulie mtoto wa miaka sita aliyeharisha, akapona, akarudi shule. Wiki mbili baadaye anaamka akilalamika kwamba nyayo zinamchoma na mapaja yanamuuma, na akiambiwa asimame anashika ukingo wa kitanda. Mzazi hudhani ni uvivu, au uchovu wa mpira wa jana. Kesho yake mtoto hawezi kupanda ngazi, na keshokutwa hasimami kabisa. Udhaifu unaoanzia miguuni na kupanda juu, pande zote mbili kwa pamoja, ndio sura ya kawaida ya ugonjwa wa Guillain-Barré, ulioelezwa mwaka 1916 na madaktari watatu wa Kifaransa, Guillain, Barré na Strohl, ingawa jina la huyo wa tatu watu wamelisahau.

Ugonjwa huu hutokana na kinga ya mwili kukosea shabaha. Mara nyingi mtoto huwa ameharisha au ameugua mafua ndani ya wiki sita zilizotangulia, na bakteria anayehusishwa zaidi ni Campylobacter jejuni, apatikanaye katika nyama ya kuku isiyoiva, maziwa mabichi na maji machafu. Ganda la bakteria huyo lina sehemu zinazofanana na za mishipa ya fahamu, kwa hiyo kingamwili zilizotengenezwa ili kumpiga yeye huigeukia mishipa hiyo, zikaharibu utando wake au nyuzi zenyewe. Ubongo hauguswi, na mtoto husikia na kuelewa kila kinachosemwa kando ya kitanda chake, jambo ambalo wanaokuja kumjulia hali husahau.

Ukishuku, mketishe sakafuni umwombe ainuke bila kushika kitu. Mwenye udhaifu wa mapaja hujisukuma kwa mikono, akijishika magoti kama anayejipanda mwenyewe. Kisha mwambie atembee kwa visigino, akubane vidole viwili kwa nguvu zote, afumbe macho kabisa na atabasamu. Andika saa na ulichokiona, hata nyuma ya daftari la kliniki, kwa kuwa daktari atataka kujua udhaifu ulianza lini na unapanda kwa kasi gani.

La kuangaliwa kwa jicho kali zaidi ni pumzi, maana udhaifu ukifika kwenye misuli ya kifua mtoto anaweza kuzidiwa katika usiku mmoja. Anayejua kuhesabu avute pumzi ndefu, kisha ahesabu kwa sauti bila kupumua katikati. Asubuhi akifika kumi na tano na jioni akaishia nane, hiyo ni dharura hata kama haonekani kuhema kwa shida. Vivyo hivyo ikiwa anapaliwa na chai, sauti imekuwa ya puani, au mate yanamjaa mdomoni: asipewe chochote cha kumeza, alazwe ubavu, na safari ianze usiku huohuo.

Zahanati inaweza kuandika rufaa na kutafuta gari, lakini mahali pa mtoto huyu ni hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia. Usikubali achomwe sindano ya takoni isiyo ya lazima, kwani ikikosewa huweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na kama kumbe ni polio, sindano huweza kuongeza kupooza. Sina ugomvi na familia inayotaka kusoma dua. Isomwe ndani ya gari.

Hospitalini utaombwa choo cha mtoto mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayepooza ghafla kwa kulegea huchunguzwa hivyo ili kujua kama ni polio, na sampuli hupelekwa zikiwa baridi kwenye maabara kama ile ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, jijini Nairobi, au ya UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, huko Entebbe. Wazazi wengi hukataa kipimo cha maji ya uti wa mgongo wakihofia kwamba sindano yenyewe itampoozesha mtoto. Lakini sindano huchomwa chini ya pale uti wenyewe, yaani kamba ya fahamu iliyo ndani ya mgongo, unapoishia. Maji hayo yakiwa na protini nyingi na seli chache, utambuzi hupata nguvu, ingawa katika wiki ya kwanza yanaweza kuonekana ya kawaida.

Tiba ni imunoglobulini ya dripu, yaani kingamwili kutoka damu ya wachangiaji, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa jumla, mara nyingi ikigawanywa kwa siku 5, au kusafisha utegili, yaani majimaji ya damu, kwa mashine. Imunoglobulini ni ghali, hivyo ulizia bima na msamaha wa gharama siku ileile ya kulazwa. Dawa za steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili, hazisaidii hapa.

Udhaifu hufikia kilele ndani ya wiki 4, na watoto wengi hutembea tena baada ya wiki au miezi. Nyumbani, nyoosha vifundo vya miguu kama fiziotherapia ilivyoelekeza, ili visikakamae. Ikiwa miguu inazidi kulegea baada ya wiki 8, au ilipona kisha ikalegea upya, mrudishe: huenda ni aina sugu ya ugonjwa huu, ambayo hutibiwa tofauti, na huko steroidi husaidia.