Ustawi tusiishie kuuliza "dawa anakunywa?"

Maafisa ustawi wenzangu wa Moshi, hasa nyie mnaoanza, tukimtembelea mgonjwa wa akili nyumbani swali letu ni hilo moja, tukiambiwa ndio tunajaza fomu tunasepa. Mi nilifanya hivo mpaka nilipokutana na mama mmoja huko Pasua, kila siku analalamika kiu na kukojoa usiku kucha, ndugu wanasema ndo kuchanganyikiwa kwenyewe huko, kuja kupima sukari iko juu balaa.

WHO wanasema wenye magonjwa makali ya akili wanakufa miaka 10 mpaka 20 mapema kuliko wengine, na wengi wanaondoka na moyo, sukari, maambukizi, vitu vya kutibika kabisa.

Kwa hiyo akikwambia tumbo linauma, we chukulia linauma. Muulize limeanza lini, linauma wapi, andika. Kikohozi kikifika wiki mbili apimwe makohozi kama mtu mwingine yeyote.

Halafu hizi dawa zenyewe. Olanzapini inaleta njaa, uzito na sukari vinapanda, kwa hiyo omba kliniki wampime uzito, kiuno, presha na sukari kabla hajaanza, warudie baada ya miezi mitatu hivi. Klopromazini inakausha mdomo na choo kinakuwa kigumu, na jua linamuunguza haraka, anayeshinda shambani avae kofia na mikono mirefu. Hapo kwenye mdomo kukauka ndo soda zinapoingilia, mtu anamaliza tatu kwa siku na we unalaumu machalari, zile ndizi za kupika na nyama, bure! Mzoeshe kutembea na chupa ya maji. Ila usithubutu kumwambia aache dawa kisa kanenepa, hilo ni la daktari. Na akiacha fegi kliniki wajue, maana olanzapini inapanda mwilini, dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.

Siku ya hospitali msindikize, angalau mara ya kwanza. Mkiingia kwa daktari aanze yeye kueleza kinachomuuma, ya akili na dawa anazotumia yafuate, ukianza na "huyu ni mgonjwa wa akili" kifua chake hakipimwi tena, nishaona mara kibao. Kama hana hela, karatasi za msamaha zishughulikie kabla ya siku yenyewe sio mkiwa dirishani, na omba kliniki ya akili na ya sukari ziangukie siku moja, nauli ya daladala mara mbili ndo inayowakatisha wengi.

Na meno jamani, mwambie afungue mdomo uangalie, huko hakuna anayeangaliaga.