Kupima kichocho cha mkojo: peleka mkojo wa mchana, sio wa alfajiri

Jamani hapa ndo wengi tunapokosea, ukiambiwa upime mkojo unaamka alfajiri unajaza kikopo unakimbia maabara. Kwa vipimo vingine sawa, ila kwa kichocho unajipunja, maana mayai ya minyoo yake yanatoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwahiyo nenda muda huo, na kabla hujakojoa tembea haraka au ruka ruka kidogo, yani yale mayai yaliyoganda kwenye kibofu yashtuke.

Alafu usikinge mkojo wa mwanzo ukamwaga wa mwisho. Zile tone za mwisho kabisa ndo zenye mali, hata damu ya kichocho mara nyingi unaiona mwishoni, mkojo unaanza wa kawaida tu unamalizia mwekundu. Mtoto wa dada yangu huku Kanda ya Ziwa alikuwa hivyo hivyo, zahanati moja wakamwambia UTI, kameza dozi mbili za antibayotiki damu iko palepale, kumbe kila wikendi anashinda kwenye majaruba ya mpunga anaogelea na wenzake, na hamna aliyemuuliza anaoga wapi. We taja mwenyewe, bwawa, mto, jaruba, na lini, kwa sababu ukipima wiki mbili baada ya kuingia majini hamna kitu kitaonekana, minyoo inahitaji kama miezi miwili hivi ndo ianze kutaga vizuri.

Maabara watachovya stripu, kile kikaratasi cha kupimia, kuangalia damu. Stripu ikibadilika rangi sio kwamba tayari ni kichocho, hata UTI, mawe au hedhi inaleta damu, kwahiyo omba waangalie na darubini. Wanachuja mililita 10 za mkojo au wanauzungusha kwenye mashine, wanachukua mashapo yaliyotuama chini. Yai lenyewe ukiliona hulisahau, refu kama mbegu ya tango na mwiba mmoja mkiani. Mwiba ukiwa ubavuni huo ni wa kichocho cha tumbo, hicho kinapimwa kwa choo. Na mkojo usikae, upimwe ndani ya saa moja mbili, mayai yanaanguliwa humo humo kwenye kikopo.

Majibu yakitoka hamna na damu bado ipo, rudia siku tatu mfululizo, mayai hayatoki kila siku sawa. Dada zetu, kichocho kinashuka mpaka ukeni, kutokwa uchafu, maumivu, damu ukishiriki tendo, wanatibiwa gono mara tatu nne bila nafuu, nanyi mtaje maji. Ila mtu mzima anayekojoa damu apigwe na utrasaundi ya kibofu, hata kama kichocho kimeonekana.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, mpimwe uzito kwanza na mle, kizunguzungu kitakuwepo kidogo. Mkojo urudiwe baada ya wiki sita hivi, saa ile ile ya mchana.