Kufuatilia Ukoo wa Québec Ukiwa Dar es Salaam

Wapo wakazi wa Dar es Salaam ambao babu yao alitoka Québec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, akaja huku kufundisha au kujenga, akaoa, kisha akawaachia wajukuu jina ambalo hata kulitamka ni kazi. Anayetaka kuijua asili ya mzee huyo asianze na jina. Aanze na ndoa.

Ikiwa babu alifunga ndoa katika kanisa Katoliki hapa nchini, fika katika ofisi ya parokia hiyo uombe kumbukumbu yake. Kwa taratibu za Kanisa, ndoa hutolewa taarifa kwenye parokia aliyobatiziwa mhusika ili iandikwe pembeni mwa ubatizo wake; kwa hiyo, karatasi iliyohifadhiwa Dar es Salaam yaweza kukutajia kijiji cha Québec ambacho hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukisikia. Vyeti vya kuzaliwa vinavyotolewa na RITA, wakala wa usajili wa serikali, vitunze pia, maana ndivyo vitakavyothibitisha uhusiano wenu pale utakapoomba nyaraka za miaka ya karibuni kwa msajili wa jimbo hilo.

Madaftari ya parokia za Québec yanaanzia mwaka 1621, na hadi mwisho wa 1993 ndiyo yaliyotumika pia kama usajili wa serikali. Kwa sehemu kubwa yaliandikwa kwa nakala mbili, moja ya kanisa na moja ya serikali, hivyo moto uliounguza kanisa haukufuta ukoo mzima. Picha zake nyingi hutazamwa bila malipo katika tovuti ya FamilySearch. Daftari la ndoa kwa kawaida huwataja wazazi wa bwana na wa bibi harusi, akina mama wakiandikwa kwa majina yao ya kuzaliwa; ukiipata ndoa ya babu, unatafuta ya wazazi wake, kisha ya wazazi wao, na hivyo unapanda ngazi kwa ngazi. Lakini bwana harusi akiwa mjane, mara nyingi hutajwa marehemu mkewe badala ya wazazi, nawe itakubidi uitafute kwanza ile ndoa ya awali.

Sasa majina, ambako wengi hupotea. Sisi tumezoea jina la mtu, la baba na la babu, yakisogea kila kizazi. La Québec hubaki, ila lina pacha wake. Utakuta “Hudon dit Beaulieu”, yaani Hudon aitwaye Beaulieu; ndugu wawili wa tumbo moja huweza kuandikwa mmoja Hudon, mwingine Beaulieu, na wajukuu wao wakadhani hawahusiani. Baadhi ya majina haya yalitokana na lakabu za jeshini, kama zile za askari wa kikosi cha Kifaransa cha Carignan-Salières waliofika Québec mwaka 1665. Waliohamia Marekani nao waliyatafsiri: Roy akawa King, Boisvert akawa Greenwood. Andika majina yote mawili katika kila utafutaji, bila kuchoka.

Jina la ubatizo nalo lina mtego wake. Wavulana wengi walitanguliziwa Joseph na wasichana Marie, kwa hiyo jina aliloitwa mtoto nyumbani kwa kawaida ni la mwisho. Nyumba yenye akina Joseph sita si kosa la karani.

Kamusi ya ukoo ya padre Cyprien Tanguay, iliyochapishwa kwa juzuu saba kati ya 1871 na 1890, na hifadhidata ya PRDH, mpango wa utafiti wa historia ya watu wa Chuo Kikuu cha Montréal, zitakufupishia njia. Mimi humtumia Tanguay kama mwelekezaji tu, kwani ana makosa. Neno la mwisho nalichukua kwenye daftari lenyewe, ambamo tarehe huandikwa kwa maneno ya Kifaransa, si kwa tarakimu.

Ukimfikia yule wa kwanza aliyevuka bahari, isome ndoa yake aliyoifunga Québec polepole, kwa kuwa aghalabu inataja parokia na jimbo la askofu alikotoka Ufaransa, na huko ndiko utakakoendelea kutafuta.